Mtoto wa kaka yangu alilala stendi zaidi ya mwaka. Sasa naambiwa tiba yake ni kucheza

SWALI: "Shikamoo daktari. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina watoto wangu watatu, asubuhi nauza mboga na nyanya. Miezi mitano iliyopita maofisa wa ustawi wa jamii waliniletea mtoto wa marehemu kaka yangu, mvulana wa miaka tisa. Alitoroka kwa mama yake baada ya baba wa kambo kumzidishia kipigo, akadandia lori mpaka mjini, akawa analala stendi na sokoni kwa zaidi ya mwaka. Ana akili na ana adabu, lakini ananichanganya. Chapati anaificha chini ya godoro mpaka inaota ukungu. Kitanda hataki, analala sakafuni karibu na mlango. Akisikia pikipiki usiku anasimama wima. Kinachoniogopesha zaidi ni mchezo wake. Kila siku nyuma ya nyumba anakata vijiti vya mabua, anavilaza mchangani, anapaza sauti 'mgambo! mgambo!', anavipiga halafu anavifukia vyote. Ni hivyo hivyo, haubadiliki. Juzi alimpiga mwanangu mdogo kwa sababu alifukua kijiti kimoja. Jirani anasema ana mapepo, mume wangu anasema anahitaji fimbo, mwalimu wake anasema nitafute tiba kwa michezo. Daktari, mtoto amecheza mtaani mwaka mzima, leo nilipe nauli nikampeleke akacheze tena? Huo mchezo wa kufukia nimkataze? Na yaliyomkuta nimuulize au ninyamaze?"

JIBU: Marahaba, mama. Umeuliza maswali matatu, lakini nikikusoma taratibu naona la nne ambalo hukuliandika: je, mtoto huyu ameshaharibika, na atawaharibu wanangu? Nianze na hilo. Hajaharibika. Chapati chini ya godoro, kulala mlangoni, kushtushwa na pikipiki, kufukia mabua, yote haya ni mambo tunayoyaona kwa watoto waliolala nje, na yote yanaeleweka ukijua yalikoanzia. La fimbo nalisema mapema kwa sababu linaweza kutendeka leo jioni: mwombe mumeo aiweke kando. Mtoto huyu alikimbia kipigo. Akipigwa na hapo kwako, atakuwa amepata jibu la jambo ambalo amekuwa akilichunguza kimyakimya kwa miezi mitano, na njia ya kurudi stendi anaijua.

Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kunusa hatari kabla mtu hajapata muda wa kufikiri. Ikishtuka, mwili unamwaga homoni za hofu, adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakata. Kwa mtoto anayelala ndani, hali hiyo huja mara mojamoja na kupita. Kwa mtoto aliyelala juu ya maboksi, akaamshwa kwa teke, akaporwa vijisenti vyake na wakubwa, hayo ndiyo yalikuwa maisha ya kila usiku. Amigdala yake imekuwa kama mlinzi aliyezoea ghala linalovunjwa kila mara: mhamishie kwenye nyumba tulivu, bado ataangaza tochi kila kona, na paka akipita atapiga filimbi. Kumkemea hakusaidii. Anatulia akishaona usiku mwingi ukipita bila mtu kuvunja mlango, na miezi mitano, kwa mtoto wa miaka tisa aliyepitia hayo, bado ni michache.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuwezesha kujizuia na kupima matokeo, hukomaa polepole mpaka mtu anapovuka miaka ishirini, na hofu ikipanda ndiyo inayozidiwa kwanza. Kwa hiyo alipomrukia mdogo wake kwa ajili ya kijiti, hakukaa akapanga ubaya. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia hajui, na atakuwa anasema kweli. Kumbukumbu za hofu kubwa nazo hazikai kichwani kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Zinabaki vipande: mlio, harufu, mwanga wa tochi usoni. Ndiyo maana mtoto anayesoma vizuri na kujibu salamu kwa adabu anaweza kushindwa kabisa kukusimulia usiku mmoja wa stendi.

Hapo ndipo mchezo unapoingia. Mtoto wa umri huo huwaza kwa mikono. Kile asichoweza kukisema anaweza kukipanga, kukiangusha, kukificha na kukitoa tena, na kikiwa nje yake, mbele ya macho yake, kinapungua ukubwa. Jambo hili si geni wala si la juzi. Mwaka 1928 daktari mmoja wa watoto, Margaret Lowenfeld, alifungua kliniki London akawa anawapa watoto wasio na raha trei za mchanga na maji na vijisanamu vya watu, wanyama na nyumba, wapange watakavyo. Miaka ya 1940 kule Marekani Virginia Axline akafundisha kwamba mtaalamu aache kumwongoza mtoto. Mtoto ndiye aongoze mchezo, mtu mzima afuate, asimharakishe, aweke mipaka michache tu ya lazima. Tiba kwa michezo inayofanyika leo, kwa sehemu kubwa, imejengwa juu ya hayo.

Sasa swali lako la nauli, ambalo sitalicheka kwa sababu wazazi wengi wanaliuliza kwa kunong'ona. Ni kweli amecheza mtaani. Watoto wa stendi hucheza chandimu, gololi, kamari za shilingi mia. Lakini huko alicheza sikio likiwa kwenye hatari, na katika michezo yenye wakubwa wanaoweza kumnyang'anya mpira na chakula kwa pamoja. Kilichokosekana ni mtu mzima aliyekaa chini, akamtazama, asiyetaka chochote kutoka kwake, asiyeondoka, na ambaye kesho saa ileile yupo tena. Huyo mtu ndiye tiba. Mabua na mchanga ni vifaa tu.

Wapo pia wanaodhani kwamba mchezo ni chambo cha kumfanya mtoto ataje nani alimfanyia nini. Ukiutumia hivyo mtoto ataushtukia siku ya pili tu, maana mtaani amejifunza kusoma nia ya mtu mzima kuliko wewe na mimi. Mchezo wenyewe ndio kazi. Akiwa kwenye mchezo huwa anafanya jambo ambalo usiku ule hakuweza kulifanya: yeye ndiye anayeamua nani apigwe, nani afichwe, na lini pazia lifungwe.

Hilo linatuleta kwenye vijiti. Julai 1976, katika mji wa Chowchilla, California, watu wenye silaha waliteka basi la shule lililokuwa na watoto 26 na dereva wao, wakawafungia ndani ya gari lililofukiwa ardhini. Walijikomboa wenyewe kwa kuchimba wakatoka, wote wazima. Daktari wa magonjwa ya akili Lenore Terr akawatembelea watoto hao miezi na miaka iliyofuata, na moja ya mambo aliyoyaeleza ni mchezo wao: ulirudiarudia utekaji uleule, bila kicheko, na mtoto mwenyewe mara nyingi hakuona kwamba anaigiza yaliyomkuta. Kwa hiyo unachokiona nyuma ya nyumba yako kinajulikana kitabibu kwa karibu nusu karne. Jirani yako hana haja ya kuyatafutia mapepo.

Mchezo wa namna hii una sura mbili, na ni muhimu ujue kuzitofautisha. Kuna unaosonga: leo vijiti vyote vinafukiwa, wiki ijayo kimoja kinatoroka, baadaye anatokea mama mwenye sufuria, mgambo mmoja anageuka kuwa mwema, na mtoto akimaliza anashusha pumzi na kwenda kunywa maji. Huo uache, unafanya kazi yake. Na kuna uliokwama: uleule, kwa maneno yaleyale, uso umekaza, unakatika ghafla, na akitoka hapo anakuwa mkali au analala vibaya. Ulivyoandika, wa mtoto wako unaelekea kuwa wa pili. Uliokwama hauhitaji kukatazwa. Ukimkataza ataupeleka korongoni ambako hutamwona. Unahitaji mtu wa kuingia ndani yake polepole.

Anza kwa kukaa. Beba kigoda na mboga zako za kuchambua, kaa mahali anapokuona, usiseme kitu kwa siku mbili tatu. Kisha anza kutaja unachokiona, kwa sauti ya kawaida: "Hawa wamelala." "Mgambo wamekuja." "Umewafukia wote, hakuna anayeonekana." Usiulize "Hawa ni akina nani?" wala "Hiki ni wewe?" Ukimuuliza hivyo unamtoa ndani ya mchezo na kumpandisha kizimbani. Akishazoea sauti yako unaweza kuwaza kwa sauti: "Sijui kama kuna mtu anayejua kwamba wako humo chini." Halafu subiri. Akikupuuza, sawa. Siku nyingine, weka pembeni kijiti kirefu, kipande cha kanga, kifuniko cha chupa, bila kumwambia cha kufanya navyo. Mtoto aliyekwama akipata kitu kipya na mtu mtulivu karibu, mara nyingi ndiye anayefungua mlango mwenyewe.

Tena mama, usikimbilie kudhani umeuelewa mchezo huo. Neno mgambo limetufanya sote tuwaze sokoni. Lakini barua yako inasema baba yake ni marehemu. Je, alikuwepo msibani? Aliuona mwili ukishushwa kaburini, au aliambiwa baba amesafiri? Sijui anafukia nini, na wewe hujui, na huenda yeye mwenyewe hajui. Mtoto aliyefiwa, akapigwa, akalala nje, ana mambo mengi ya kuzika, na siku moja mchanga uleule unaweza kubeba mawili matatu. Siku ikifaa, mpeleke kaburini kwa baba yake kama pako karibu, mweleze baba alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa mdogo. Wewe ni shangazi. Hadithi hizo hana mwingine wa kumpa.

Vilevile kuna jambo ambalo walezi wengi hawapendi kulisikia: huenda anawakumbuka wenzake wa mtaani. Kule alikuwa na kundi, pengine kaka mmoja mkubwa aliyemgawia wali na kumwonyesha pa kulala mvua ikinyesha. Kuokolewa kwake wewe unakuona ni faida tupu. Kwake kuna watu amewaacha huko nje. Akiwataja usimwambie "Wasahau wale wahuni." Mwambie, "Alikusaidia sana huyo."

Sasa nikueleze unachoweza kukifanya nyumbani kwa mpangilio, maana kuna njia ambayo Bernard na Louise Guerney waliianzisha Marekani miaka ya 1960, ya kuwafundisha wazazi wenyewe kuongoza vipindi vya kucheza na watoto wao. Ni nusu saa, mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, mahali palepale. Chagua muda ambao wanao wako kwenye mpira, madrasa au Sunday school, mlango umefungwa, simu imezimwa. Najua nyumba ina watu sita. Hata mkeka nyuma ya nyumba unatosha ikiwa wengine wanajua kwamba nusu saa ile haiingiliwi. Na kwa ajili ya amani ya nyumba, wanao nao wape dakika zao, hata kumi kila mmoja, la sivyo huyu atalipa gharama ya upendeleo huo mara tu utakapogeuza mgongo.

Tafuta boksi la vitu ambavyo hutoka siku hiyo tu. Havihitaji hela nyingi. Wanasesere wa kitambaa watano sita wa kushona mwenyewe, wakubwa kwa wadogo. Vikombe na sufuria ya kuchezea. Wanyama wa udongo wa mfinyanzi, na usiache kumweka fisi au simba, maana mtoto anahitaji kitu cha kubebeshwa ukali. Gari la bati au la mabua, simu mbovu, bandeji, kamba, kanga kuukuu ya kutengenezea nyumba, karatasi na kalamu za rangi, na beseni la mchanga. Mwambie hivi: "Huu ni muda wetu. Unaweza kucheza navyo karibu kila namna upendayo." Halafu kazi yako ni kumfuata. Usimfundishe, usimsahihishe, usimsifu kila dakika, usimpe mawazo. Akikupa jukumu, lipokee, na mnong'oneze: "Huyu ninayeigiza anasema nini?" Zikibaki dakika tano mtaarifu. Muda ukiisha umeisha, hata kama analia, kwa sababu mtu anayeaminika kuanza ndiye huyohuyo anayeaminika kumaliza.

Mipaka iwepo, ila michache: kutoumiza mtu, kutojiumiza, kutovunja vitu vya nyumba. Akiinua kijiti kukupiga, sema kwanza unachokiona moyoni mwake, kisha mpaka, kisha njia mbadala: "Umekasirika sana. Mimi si wa kupigwa. Mpige fisi huyu." Mpangilio huo huo utumie siku ile atakapomrukia mwanao tena. Mtenganishe, mdogo afarijiwe kwanza, na mkubwa asiachwe akae peke yake chumbani. Keti naye mpaka pumzi irudi. Mazungumzo ya kosa yaje baadaye, yawe mafupi.

Nje ya kipindi hicho, mwache acheze na wanao kombolela. Nakuambia kwa moyo wote, sijaona mchezo unaomfaa mtoto wa namna hii kuliko huo. Anajificha, anatafutwa, anakamatwa, halafu mwenzake anakuja mbio kupiga kopo na wote wanakuwa huru, na kila mtu anacheka. Mambo yaleyale yaliyomtisha, lakini safari hii yupo mtu wa kumkomboa na hakuna anayeumia. Mwanzoni huenda asivumilie kutafutwa. Awe mtafutaji kwanza, na wacheze mchana. Na kama kuna kwaya au kikundi cha ngoma karibu nanyi, mpeleke. Kuimba na wengine, kupiga makofi na kukanyaga kwa mdundo mmoja kunatuliza pumzi na mwili wake bila yeye kudaiwa neno hata moja, na kwa ngoma sisi watu wa Dodoma hatujapungukiwa.

Kuhusu chapati: mpe kopo lake lenye mfuniko, liwe na jina lake, ndani weka karanga, viazi vikavu, biskuti, vitu visivyooza haraka. Likipungua lijaze bila maneno. Usimkague godoro kwa hasira. Mtoto huacha kuficha chakula akishaamini kwamba kesho kipo, na imani hiyo inajengwa na kopo, haijengwi na hotuba. Kuhusu kulala mlangoni, mwache, mpe godoro jembamba hapohapo, na baada ya wiki kadhaa lisogeze kidogo akikubali. Taa ndogo isaidie. Ukisikia pikipiki kabla yake, sema tu kwa sauti ya kawaida, "Huyo ni jirani anarudi."

Umeuliza kama umuulize yaliyomkuta. Usimhoji. Kumlazimisha mtu asimulie tukio la kutisha ili "alitoe" ni ushauri wa zamani ambao haujaonyesha faida, na unaweza kumzidishia mtu maumivu. Lakini kunyamaza kabisa nako kuna hasara, maana mtoto huelewa kwamba jambo lake ni aibu isiyotajika. Njia ya kati ni kumwambia mara moja, mkiwa mnafanya kitu kingine kama kumenya viazi: "Najua uliona mambo magumu ulipokuwa nje. Hayakuwa makosa yako. Siku ukitaka kuniambia, nitakusikiliza na sitakukasirikia." Kisha endeleeni kumenya. Akifungua mdomo miezi mitatu baadaye saa nne usiku, acha unachofanya.

Jirani wa mapepo usigombane naye. Maombi hayana ubaya, na kama familia yenu ni ya sala, mtoto anafarijika kuombewa kwa upole. Ninachokataa ni kumfungisha, kumfungia ndani, kumshika kwa nguvu au kumpiga kwa jina la kumtoa kitu. Kwa mtoto huyu, hayo ni stendi kwa mara ya pili.

Je, tiba hii inafanya kazi kweli? Nikujibu kwa haki. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 93 kuhusu tiba kwa michezo wakaona watoto waliopata tiba hiyo walipata nafuu ya wazi kuliko ambao hawakuipata, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale mzazi mwenyewe alipofundishwa kuongoza vipindi. Wakosoaji nao wana hoja: nyingi ya tafiti hizo zilikuwa na watoto wachache, na ubora wake unatofautiana. Kwa kiwewe hasa, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya mambo ya kutisha, njia yenye ushahidi imara zaidi ni ile ambayo mtoto na mlezi hufundishwa kutulia na kutaja hisia, kisha mtoto anasimulia tukio kidogokidogo, kwa michoro na maneno. Na hiyo imejaribiwa hapahapa kwetu: utafiti uliofanyika Moshi na kule Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2020. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa washauri wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, na dalili zilipungua kuliko kwa huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne, maana kila nchi ilikuwa na eneo la mjini na la vijijini. Kwa hiyo mtaalamu akikuambia ataanza na michezo kisha aende kwenye njia hiyo, au achanganye zote mbili, anasema jambo la maana. Akikuahidi kumponya kwa vipindi vitatu, okoa nauli yako.

Lakini kabla ya mtaalamu wa saikolojia, apimwe mwili. Masikio, macho, damu, minyoo, na alama za kuumia kichwani. Mtoto anayeganda akitazama ukutani huenda anakumbuka, na huenda ana kifafa. Hayo hayatofautishwi kwa macho ya nyumbani.

Hali yenu, kwa ulivyoandika, inastahili kuonwa na mtu ana kwa ana, kwa sababu mchezo umekwama na mwanao ameshapigwa. Si dharura ya usiku huu, ila usivuke mwezi. Wataalamu waliofundishwa tiba kwa michezo peke yake ni wachache nchini, kwa hiyo uliza mwanasaikolojia au mshauri anayefanya kazi na watoto, na umuulize amewahi kutumia michezo na michoro. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Mirembe. Najua jina la Mirembe linavyotumika kwenye utani wa vijiweni, na najua utaogopa mtu akikuona getini. Ni hospitali ya afya ya akili, watu huingia asubuhi wakaongea na mtaalamu na kurudi nyumbani mchana kupika.

Usingoje hata siku moja ukiona haya: anasema anataka kufa au anajiumiza, anavuta gundi au petroli, ameacha kula, anaumiza wadogo au wanyama bila kushtuka, au anaigiza mambo ya kingono kwa ujuzi usio wa umri wake, ana maumivu au kutokwa damu sehemu za siri. Kwa hilo la mwisho usimhoji wala usimwoshe. Mpeleke hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kama tukio ni la karibuni, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinahitaji kuanza ndani ya muda huo, na mapema zaidi ni bora zaidi. Ukikwama usiku, piga 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure.

Mwalimu wake naye amekusaidia, mrudie. Mweleze kwa ufupi, bila kumwaga siri zote, kwamba mtoto akae mahali anapouona mlango, asishikwe kwa nyuma, na asichapwe. Ongea na mwalimu mkuu pia, maana hilo la viboko mwalimu mmoja hawezi kulizuia peke yake.

Akitoroka siku moja, na baadhi yao hutoroka hata wakipendwa, usilichukue kuwa ni utovu wa shukrani. Mtafuteni, na akirudi apate maji ya kuoga na chakula, maswali kesho.

Mwisho ni ofisi. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii aliyekuletea mtoto, ukiwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa, ueleze kwamba unataka malezi yake yawekwe kwenye maandishi kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na uombe ufuatiliaji na rufaa ya kwenda kwa mwanasaikolojia. Baba wa kambo akitokea ghafla kumdai, karatasi hiyo utaihitaji, na mtoto anapaswa kuambiwa wazi kwamba ipo. Chukua pia daftari la kurasa chache. Kuanzia leo andika kila jioni: mchezo ulianzaje, uliishaje, nini kilikuwa kipya, alilala vipi, na kama mumeo alikuwepo. Mtaalamu atakayempokea ataanzia kwenye daftari hilo.